Tundu la Ubavuni

Nyumbani, 2 Februari

Dada,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama ninayelala naye chumba kimoja. Yale maji ninayochemsha kila siku kwenye stoo ya nyuma, ambayo Shangazi analalamika kwamba yanamaliza mkaa wake, si ya kuoga. Nimeunda mtambo.

Usicheke kwanza. Tangu nimalize shule nimebaki nyumbani kuosha vyombo vya mama yako na kusubiri matokeo, na kichwa kinataka kazi. Fundi baiskeli alinipa mwili wa pampu ya zamani, ile ya chuma nene. Nimeuziba chini, nikamimina maji kidogo. Juu ya maji kuna pistoni yenye washa ya ngozi, ile pete inayozuia mvuke usipenye pembeni, na juu ya pistoni kuna springi ya kiti cha pikipiki, nimeibana kwa chuma isiruke. Pembeni nimefunga geji ya presha na kipimajoto.

Ukiweka sufuria ya kawaida jikoni, maji hufika nyuzi mia yakabaki hapo hapo mpaka yaishe. Kwangu hayabaki. Mvuke ukianza kuisukuma pistoni juu, springi inabanwa, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kusukuma kurudi chini. Kwa hiyo presha inapanda pamoja na pistoni. Na presha ikipanda, maji hayakubali tena kuchemka kwa nyuzi mia, yanadai mia na tano, mia na kumi. Nimeweka nukta kwenye karatasi, mwendo wa pistoni ukienda kulia na presha ikienda juu. Nukta zimejipanga mstari mmoja ulionyooka, umeegama kama ngazi ukutani. Siku ya kwanza nilipouona nilikaa juu ya ndoo nikautazama.

Nimesikia chuoni kwenu kuna nafasi ya mbunifu, kijana mmoja kila mwaka aliyemaliza shule na kuunda kitu chake, anasoma bila ada. Naitaka hiyo nafasi, Dada. Sijawahi kutaka kitu hivi. Wewe uko mwaka wa pili, unajua milango ilipo. Nifanyeje? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa nanyamaza, unanijua.

Mdogo wako,
mtoto wa mjomba wako


Bweni la wasichana, 11 Februari

Wee Bubu,

Yaani muda wote huo nilidhani una ugonjwa wa ngozi, kuoga mara tatu kwa siku! Kumbe mwenzetu ni mhandisi wa stoo. Nimecheka mpaka jirani yangu wa kitanda cha juu akaniuliza kama nimepata mchumba.

Sasa sikiliza, maana mimi ndiye ninayekijua chuo. Nafasi ipo kweli, na mwisho wa kupeleka maombi ni siku ya mwisho ya Aprili. Lakini huingii tu na springi yako kwapani. Unasimama ukumbini mbele ya watu. Mkufunzi wa karakana, tunamwita Rula, anakuangalia juu ya miwani yake halafu anaanza maswali. Wewe, uliyejikojolea darasani kwa kuona haya kuomba ruhusa? Samahani, lakini nani atakwambia ukweli kama si mimi?

Fanya hivi. Nitumie mchoro wote, vipimo vyote, na maelezo uliyoyaandika kwa mkono wako. Nitamwonyesha Rula kwanza, nikutengenezee njia. Wewe usipeleke ombi lolote mpaka nikwambie. Wakikuona unahangaika peke yako watajua huna mtu.

Na unieleze vizuri kwa nini ule mstari unaegama. Mimi najua, ila nataka kuona kama wewe unajua.

Dada yako mkubwa


Nyumbani, 19 Februari

Dada,

Asante sana. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kuhusu lile la darasani, naomba usiwasimulie wenzako.

Mchoro huu hapa, kurasa nne. Mstari unaegama kwa sababu springi haisukumi kwa nguvu moja. Ukiibana kidogo inasukuma kidogo, ukiibana mara mbili inasukuma mara mbili. Mvuke lazima ulingane nayo kila hatua. Ukiweka springi ngumu zaidi, ngazi inasimama zaidi. Ukiondoa springi ukaacha uzito wa pistoni tu, mstari unalala chini kama mkeka. Na eneo lote lililo chini ya mstari ndiyo kazi ambayo mvuke umeifanya kuinua pistoni. Hilo nililigundua mwenyewe kabla sijalikuta kitabuni, nikafurahi halafu nikahuzunika kwamba kumbe lilishajulikana.

Kuna jambo moja usilisahau hata ukisahau mengine yote. Springi ina mwisho wake. Pete zake zikigusana zote inakuwa kama kipande cha chuma tu, haibanwi tena. Kwa hiyo nimetoboa tundu dogo ubavuni mwa silinda, chini kidogo ya mwisho huo. Pistoni ikipita hapo inalifunua, mvuke unatoka, presha inaanguka na pistoni inarudi chini yenyewe. Kwenye mchoro nimelizungushia wino mwekundu.

Mama anauliza kwa nini natabasamu nikiosha sufuria. Nimemwambia nimekumbuka kichekesho.

Mdogo wako


Bweni, 14 Machi

Bubu,

Naandika haraka, tuna jaribio. Rula aliangalia mchoro mpaka nikadhani amelala. Halafu akasema, "Hili limefikiriwa." Yule mzee hasifii hata mvua! Karakana wameniundia mtambo mpya wa chuma kinachong'aa, wakaweka na kalamu inayochora ule mstari yenyewe. Pistoni ikipanda karatasi inasogea, presha ikipanda kalamu inapanda. Raha tupu. Utaonyeshwa siku ya wageni, mwanzoni mwa Aprili.

Ila kile kitundu chako kinaniudhi. Mstari unapanda vizuri, ukifika pale, puu, unaanguka kama mlevi. Wageni watadhani umeharibika. Nikizibe?

Ombi lako linashughulikiwa. Tulia.

Dada yako


Nyumbani, 21 Machi

Dada,

Usilizibe. Nakuomba.

Umeandika "wameniundia". Nilisema moyoni kalamu imekuteleza. Lakini jana Shangazi aliwaita majirani wawili akawasomea barua uliyomwandikia yeye. Nilikuwa pale pale nasugua sufuria. Alisoma, "Mama, mtambo nilioubuni umeingizwa kwenye mtihani wangu wa mwaka, na nilikuwa karibu kufeli." Jirani mmoja akasema, "Huyo mtoto ana akili za kiume," na mama yako akacheka akasema, "Ametoka kwangu huyo. Siyo kama hawa wa kaka yangu, wanajua kuchemsha maji tu." Wote wakaniangalia. Nikacheka na mimi, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Labda ulimwambia hivyo ili afurahi. Kama ndivyo, sawa. Lakini jina langu lipo mahali popote pale chuoni? Niambie tu ndiyo au hapana.

Mdogo wako


Bweni, 28 Machi

Bubu,

Hapana.

Umeridhika? Jina lako ungeliweka wapi? Karatasi ingesema nini, "Mtambo huu umebuniwa na binti wa jikoni, hayupo kwa sababu anaona haya"? Kitu bila mtu wa kukisemea ni chuma chakavu. Mimi ndiye niliyekisemea. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya Rula jasho likinitoka mgongoni. Wewe ulikuwa umekaa juu ya ndoo.

Na usisahau mnalala kwenye chumba cha nani, wewe na mama yako, tangu mjomba afariki. Mama yangu hajawahi kuwaambia mtoke. Mimi nikifaulu, moyo wake unakuwa mkunjufu. Mimi nikifeli, sijui. Fikiria mwenyewe kabla hujaanza kunidai majina.

Kitundu nimekiziba. Nimetia skrubu, nikamwagia risasi ya kuyeyusha, nikapaka rangi, hata Rula hajaona. Hofu yako ni ya kitoto. Presha inapanda kwa sababu springi inabanwa, si ulisema mwenyewe? Basi springi ikiisha kubanwa, presha nayo imeishia hapo. Haina tena cha kuipandisha. Mtu wa mwaka wa pili analiona hilo akiwa amefumba macho.

Mwakani nitakukumbuka. Msalimie Mama.

Dada yako


Nyumbani, 1 Aprili

Dada,

Hii nimeipeleka posta mwenyewe na nimelipia ya haraka. Achana na jina. Chukua mtambo. Lakini toa hiyo skrubu.

Umefikiri kinyume. Springi haipandishi presha, springi ilikuwa inaupa mvuke nafasi huku ikiupinga. Anayepandisha ni moto. Pete zikigusana, nafasi imekwisha, lakini moto bado upo chini na maji bado yanageuka mvuke. Hauna pa kwenda. Hapo mstari hauegami tena, unasimama wima, na presha inakimbia kuliko mwanzo. Ukiona kalamu inapanda na karatasi imesimama, usikaribie, waondoe watu, zima moto.

Sina wivu. Toa skrubu.

Mdogo wako


Hospitali, 9 Aprili

Wifi,

Sina salamu. Ule mtambo wa mwanao umemuunguza mwanangu mbele ya wageni. Washa ilipasuka, mvuke ukamchoma mkono wa kulia wote, na shingo, na sikio. Ngozi inatoka kama soksi. Anapiga kelele mpaka wagonjwa wengine wanahamishwa.

Ndiyo, mwanao. Binti yangu amesema kila kitu, kwamba yule mnyamavu wenu ndiye aliyeubuni, akamtumia mchoro wenye kasoro, akamsihi auonyeshe. Mwanangu kwa huruma yake akaficha ubovu wa ndugu yake mpaka alipoungua. Mkufunzi wa karakana ameandika jina la binti yako kwenye taarifa ya ajali, na amesema mtu huyo asikanyage chuoni.

Nilikuwa nimeamua mtoke kwenye chumba changu siku hiyo hiyo. Lakini manesi hapa ni wachache na mimi mgongo wangu hauinami. Mlete binti yako aje amwoshe mwenzake vidonda. Akimhudumia vizuri nitafikiria. Akimhudumia vibaya msinisubiri nirudi niwatoe kwa mkono wangu.

Wifi yako


Bweni, 4 Mei

Bubu,

Herufi zinapinda kwa sababu naandika kwa kushoto. Nimerudi bwenini tangu juzi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakikunjiki, na daktari anasema sikio litabaki hivi lilivyo.

Umeniosha vizuri, siyo siri. Wiki zote zile hukunikaripia, hukuniuliza kitu. Unabandua bandeji kama mtu anayemenya yai. Mama mwenyewe amelainika, anasema, "Heri huyu anayenyamaza." Chumba chenu mmekipata kwa mikono yako, jipongeze.

Nakuandikia jambo moja tulimalize. Ile barua ya haraka ilifika mapema. Niliisoma asubuhi ya maonyesho nikinywa chai. Nikasema moyoni, amepata wivu, anataka nilegee. Sasa unajua, na utabaki nalo. Nimebakiza mwaka mmoja nimalize. Wewe hujaanza hata. Mmoja wetu akipoteza, ni bora awe asiye na cha kupoteza. Rula amekubali kwamba mimi niliponzwa na ndugu, mtihani wangu nitaurudia kwa kitu kingine.

Na usinune. Si ulililia jina lako liwepo kwenye mtambo? Sasa lipo.

Dada yako


Nyumbani, 11 Mei

Dada,

Nimefurahi kwamba umerudi bwenini. Endelea kupaka ile dawa ya njano na usikune hata pakiwasha.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Sikumwambia Mama, wala Shangazi, na wewe nilikuosha kila asubuhi nikiwa nalo.

Siku ile uliyodungwa sindano ya usingizi kabla ya kukatwa ngozi iliyokufa, Shangazi alinituma kuchukua nguo zako bwenini. Nikapita karakana. Mlinzi aliniuliza jina nikamtajia jina lako. Rula alikuwa anapiga tupa kitu, hakuinua kichwa. Nilisimama mlangoni nikajaribu kusema na hakikutoka chochote. Akasema, "Binti, kama huna sauti una shida gani na mimi?" Mafundi wawili wakacheka.

Ule mtambo ulikuwa juu ya meza, umepasuka. Karatasi yake ilikuwa imebandikwa ukutani. Nikaenda nikaweka kidole juu yake. Mwanzo wa mstari, nikasogea nao taratibu, ngazi yangu ile ile, Dada, imeegama vizuri kuliko nilivyowahi kuichora mimi. Nikafika mahali ambapo ungepaswa kuanguka. Haukuanguka. Ulipita. Nikaendelea na kidole mpaka pale ulipogeuka ukasimama wima mpaka juu ya karatasi, halafu wino ukatawanyika. Nikarudisha kidole pale ulipopita, nikakiacha.

Rula aliweka tupa chini. Akavua miwani, akavaa tena. Akaniuliza, "Hapa kulikuwa na nini?"

Nikasema, "Tundu." Ni neno la kwanza nililolisema chuoni kwenu.

Akachukua kisu akakwangua rangi ubavuni mwa silinda, akakwangua risasi, skrubu ikaonekana inang'aa, mpya. Mafundi hawakucheka tena. Akaniuliza nani aliyeliziba. Sikukutaja. Nilisema, "Mimi nilikuwa nyumbani." Basi. Akaniuliza kwa nini maji hayakubaki kwenye nyuzi mia, nikamweleza. Akaniuliza pete zikigusana nini kinatokea, nikamweleza hilo pia, na sauti haikukata. Kumbe huwa inakata nikiulizwa mambo yangu tu. Fomu ya ombi niliijaza pale pale juu ya meza yake, maana Aprili ilikuwa haijaisha, na jina langu akalifuta kwenye taarifa kwa wino mweusi mpaka karatasi ikatoboka.

Halafu nikarudi hospitali. Ulikuwa umeamka, unalia, ukaniambia, "Bubu, nishikie kikombe." Nikakushikia. Nililijaribu kwanza joto la maji kwa kiwiko, yasiwe ya moto. Ukasema asante. Nilikuwa najua tayari kitakachokupata.

Rula anayekwambia kwamba amekubali uliponzwa na ndugu, anasubiri tu upone. Alisema hamwiti mgonjwa kwenye kikao cha nidhamu. Atakuita mwezi huu. Alisema kuziba tundu ni ujinga na ujinga chuo kinausamehe, lakini kudanganya kuhusu ajali ya karakana, aliyefanya hivyo huwa harudi. Sikumwomba akusamehe. Nilijaribu kujisikia vibaya njia nzima na sikuweza, labda itakuja baadaye. Mwanzoni niliogopa kwamba nimekuonea. Barua yako ya tarehe 4 imeniondolea hofu hiyo. Ile ya haraka uliisoma ukinywa chai.

Majibu yangu yalifika jana. Nimepata, naanza Septemba. Wameandika kwamba bwenini pamejaa lakini kuna kitanda kitakachokuwa wazi. Sikuuliza cha nani.

Mama na Shangazi nimewaambia nimechaguliwa tu kama wengine wanavyochaguliwa, na kwamba chuo kimeliondoa lile katazo kwa kuwa nilikuuguza. Shangazi akanikumbatia, Dada. Hajawahi. Alisema Mungu amenilipa kwa kukuosha. Amemwambia Mama achukue na chumba cha pili, kile cha dirisha kubwa, kwa sababu mimi ni mtoto wa kwake sasa. Mama ameshahamishia kitanda, anaimba.

Kwa hiyo nakuomba usimwambie Shangazi. Nimelifikiria sana na naona hata wewe hutataka. Ukimwambia kwamba nilikwenda karakana, atakuuliza nilionyesha nini kule. Ukimwambia nilionyesha tundu, atakuuliza nani aliyeliziba. Halafu itabidi umwambie kwamba uliombwa uitoe skrubu, na kwamba alimtukana wifi yake bure. Yule mama hana mtoto mwingine wa kujivunia.

Wakikufukuza, sema umeacha kwa sababu ya mkono. Mkono wanauona, hakuna atakayeuliza zaidi. Na mimi nikiulizwa nitasema hivyo hivyo, ni mkono. Nimeshaanza kuwaambia kwamba unakusumbua.

Iwe siri yetu sisi wawili. Tafadhali, Dada. Usimwambie mtu.

Mdogo wako